Shule ya mjini inayofeli hisabati: kocha, somo la pamoja, makundi ya kiwango au wawili kwa mmoja?

Mimi ni mshauri wa hisabati. Mkuu wa shule akinipigia simu, mara nyingi swali lake la kwanza ni hili: "Semina itachukua siku ngapi?" Huwa sijibu. Namwomba anitafutie madaftari thelathini ya hisabati ya darasa moja, yasiyochaguliwa, na meza ya kuyafungulia.

Wakati mmoja, katika shule yenye mikondo minne na madarasa yaliyofurika, nilifungua daftari la darasa la tano nikakuta 402 − 178 = 376. Nikafungua la pili: 376. Nilipofika la mwisho nilikuwa nimehesabu kumi na moja. Watoto kumi na mmoja hawawezi kubahatisha namba moja. Kila mmoja alikuwa ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa popote ilipokaa, iwe juu au chini: 8 toa 2 ni 6, 7 toa 0 ni 7, 4 toa 1 ni 3. Pembeni pana mkasi mwekundu, ile alama ya kosa, na ukurasa unaofuata darasa limeshahamia kwenye mada ya sehemu.

Mkasi ule unasomeka kwa namna mbili. Ya kwanza: mwalimu aliliona kosa lakini hakuiona fikra iliyolizaa, kwa hiyo hakuwa na la kufanya zaidi ya kulikata. Ya pili: watoto hawa wamefika la tano bila kuielewa thamani ya nafasi, na hata mwalimu hodari hapati pa kuirudia huku akikimbizana na muhtasari wa mwaka. Ukisoma namna ya kwanza, fedha zako ziende kwa mwalimu. Ukisoma ya pili, ziende kwa mtoto. Karibu yote nitakayoyalinganisha hapa yanategemea usomaji huo.

Njia nilizoziweka ni nne, zile ambazo mshauri wa hisabati huitwa mara kwa mara kuzianzisha katika shule za mijini. Semina ya siku mbili ukumbini haimo. Nimeziendesha nyingi; walimu huondoka wamechangamka, vyeti mkononi, na Jumatatu somo ni lilelile. Semina inafaa kutangaza jambo. Kubadilisha mkono wa mtu ubaoni ni kazi nyingine.

## Vigezo kwanza

Kila njia nimeipima kwa maswali yaleyale matano. Inatibu nini hasa? Inadai nini, kwa maana ya saa, watu na fedha? Utafiti umeona nini? Mshauri akiondoka kinabaki nini? Na inamfaa nani?

Kwa shule za mjini zilizolemewa, swali la nne nalipa uzito kuliko wengi wanavyolipa. Shule hizi zina mzunguko mkubwa wa watu: mwalimu anahamia shule tulivu zaidi, familia inahama nyumba katikati ya muhula na mtoto anatoweka kwenye orodha, mkuu mpya anakuja na mradi wake. Kitu kinachokaa kichwani mwa mtu mmoja huondoka naye.

Saa nazo zinahitaji jicho kali. Fedha mkuu huzihesabu kabla ya kusaini, ilhali saa huzigundua mwezi wa pili, pale kipindi cha kupanga kinapoangukia kwenye kikao cha nidhamu na hakuna anayekirudisha.

## Kocha wa hisabati darasani

Kocha ni mtu aliyefundisha hisabati vizuri kwa miaka, na sasa hana darasa lake. Madarasa ya wenzake ndiyo kazi yake. Hukaa na mwalimu kabla ya kipindi, huingia naye, kisha huketi naye tena baadaye. Mzunguko huo hurudi kila wiki au kila wiki mbili, kwa mwalimu yuleyule, kwa mwaka mzima au zaidi.

Inatibu nini. Ule ujuzi wa kuifundisha hisabati, ambao si sawa na kuijua. Mtafiti Liping Ma, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1999, aliwapa walimu wa shule za msingi wa Marekani na China hesabu ya 1¾ ÷ ½. Walimu wote 72 wa China waliipata. Kati ya Wamarekani 23, waliofika kwenye jibu kamili walikuwa 9. Kisha akawataka watunge hadithi ya maisha inayoieleza hesabu hiyo, na hapo ndipo wengi wa Marekani walipokwama. Baadhi yao walitunga hadithi ya kugawana chakula kwa watu wawili, kumbe huko ni kugawanya kwa 2, si kwa nusu. Swali lenyewe ni: nusu ngapi zimo ndani ya moja na robo tatu? Ni tatu na nusu.

Muulize mwalimu jambo hilo mbele ya wenzake sitini, utakuwa umemwaibisha. Muulize akiwa peke yake, dakika ishirini kabla ya kipindi, atachora mistatili miwili, ataikata nusu nusu, atahesabu kwa kidole, kisha atakuambia kwamba miaka yote amekuwa akifundisha "pindua uzidishe" bila kujua kwa nini. Nimeyasikia maneno hayo kutoka kwa walimu wazuri sana. Kocha kazi yake ni kuitengeneza ile faragha.

Baada ya kipindi, kocha mzuri huchagua jambo moja. Kwa mwalimu wa lile darasa la 376 tulichagua swali moja tu, "Umefikaje hapa?", amuulize mtoto aliyekosa kabla ya kupiga mkasi. Wiki ya kwanza alilisahau. Wiki ya pili alilisema kwa sauti ya kugombeza, watoto wakadhani wameshtakiwa. Wiki ya tatu binti mmoja akajibu, "Nimetoa mdogo kwa mkubwa kwa sababu mkubwa hatoki kwa mdogo." Mwalimu akanigeukia kule nyuma nilikokaa, na sikuhitaji kusema kitu.

Inadai nini. Mshahara wa mtu mzima kwa mwaka mzima, na mtu huyo hapatikani kirahisi, maana anayefaa kuwa kocha ndiye yuleyule ambaye hakuna shule inayotaka kumtoa darasani. Kwa uzoefu wangu anaweza kubeba walimu wanane. Akipewa ishirini anakuwa mgeni anayechungulia. Inadai pia ahadi mbili za mkuu wa shule. Kwanza, anachokiona kocha hakiendi kwenye tathmini ya mwalimu. Siku kitakapokwenda, kila mlango utafunguliwa kwa tabasamu na kila somo litakuwa la maonyesho. Pili, kocha hatumiki kuziba mapengo. Katika shule moja, kati ya siku zangu kumi za mwanzo, nne zilikwisha nikiwa nimeshika madarasa ya walimu wasiokuwepo. Sikumlaumu mkuu, watoto walikuwa wamekaa bila mtu. Lakini ukocha haukuwepo.

Ushahidi. Mwaka 2018 Matthew Kraft na wenzake walijumlisha tafiti 60 za ukocha wa walimu. Kwa kipimo chao, yaani mkengeuko sanifu unaoonyesha alama zimetawanyika kiasi gani, ufundishaji uliboreka kwa 0.49, na matokeo ya wanafunzi kwa 0.18. Kwa lugha ya mtaani, mwalimu hubadilika sana, mtoto hubadilika kiasi. Waliona pia kwamba programu ikiwa kubwa faida yake hunyauka. Ikumbukwe kwamba nyingi ya tafiti hizo zilikuwa za kusoma na kuandika. Upande wa hisabati, Patricia Campbell na Nathaniel Malkus walichapisha mwaka 2011 utafiti wa miaka mitatu uliofanyika Virginia, Marekani, katika shule za msingi. Mwaka wa kwanza wa kocha haukuonyesha tofauti. Tofauti ilijitokeza kadiri kocha alivyozoea kazi na shule. Anayetaka matokeo ya muhula mmoja asiajiri kocha.

Kinachobaki. Mwalimu aliyebadilika habadiliki kurudi nyuma upesi. Lakini akihama, amekwenda nacho.

Inamfaa nani. Shule yenye walimu wanaokaa, ambao wana nia lakini hawana mtu wa kuwaonyesha. Na mkuu anayeweza kuvumilia mwaka mzima bila takwimu za kuwapelekea wakubwa.

## Somo la pamoja

Wajapani huliita *jugyō kenkyū*, yaani utafiti wa somo, na mizizi yake inarudi karne ya 19. Ulimwengu mwingine ulilisikia zaidi baada ya TIMSS, uchunguzi wa kimataifa wa hisabati na sayansi, wa mwaka 1995, ambapo masomo ya hisabati ya darasa la nane ya Japan, Ujerumani na Marekani yalirekodiwa kwa video, na watafiti wakaanza kuuliza walimu wa Japan walijifunzia wapi kufundisha vile.

Utaratibu wenyewe hauna maajabu. Walimu watatu hadi sita wanachagua mada inayowasumbua, wanaandaa somo moja kwa wiki kadhaa, mmoja analifundisha huku wengine wakiwatazama wanafunzi, si mwalimu, kisha wote wanakaa kulijadili. Mshauri huingia mwishoni kama msemaji wa nje, au mwanzoni kuwafundisha walimu utaratibu.

Inatibu nini. Upweke. Shule ya mjini inaweza kuwa na walimu wanne wa darasa moja, milango yao ikitazamana, na hakuna aliyewahi kumwona mwenzake akifundisha. Kila mmoja anagundua peke yake kwamba watoto hudhani 0.25 ni kubwa kuliko 0.7 kwa kuwa 25 ni kubwa kuliko 7. Kila mmoja anadhani ni ubovu wa darasa lake.

Nilishawahi kukaa na walimu wanne waliobishana nusu saa juu ya mfano mmoja wa la kwanza: kutoa kunakovuka kumi kuanze na 12 − 9 au 14 − 6? Mtu wa nje angeona wanapoteza muda. Lakini sikiliza. Kwa 12 − 9 mtoto huona haraka kwamba anaweza kutoa 9 kwenye 10, ibaki 1, aongeze ile 2, apate 3. Kwa 14 − 6 atatoa 4 kwanza afike 10, kisha 2 zilizobaki, apate 8. Ni njia mbili tofauti za kufikiri, na mfano wa kwanza ubaoni ndio unaoamua ipi itazaliwa darasani. Mwalimu mmoja, mwenye miaka ishirini kazini, akasema hajawahi kuchagua mfano kwa sababu. Alichukua uliokuwa kitabuni. Nusu saa ile ilikuwa na thamani ya semina tatu.

Kingine nilichokipenda ni ubao. Wajapani wana neno lake, *bansho*: ubao hupangwa kabla ya kipindi na haufutwi hadi mwisho, ili njia za watoto zibaki zikionekana ubavu kwa ubavu, sahihi na zenye kosa. Jaribu wiki moja kutofuta ubao. Utashangaa unavyoandika ovyo.

Inadai nini. Fedha kidogo, saa nyingi. Mzunguko mmoja wa kweli hula wiki nne hadi sita za vikao, na siku ya somo lenyewe walimu wote wa kikundi lazima watoke madarasani kwao kwa wakati mmoja. Kwa shule ambayo mwalimu mmoja akiugua ratiba nzima inayumba, hilo ni dai zito. Inadai pia mtu mmoja wa kikundi anayeijua hisabati kwa kina. Bila yeye, mjadala huteleza kwenye mambo mepesi: watoto walikuwa watulivu, chati ilikuwa nzuri, mwalimu alikuwa na sauti.

Ushahidi. Umegawanyika, na nadhani ni haki kuusema hivyo. Japan imeishi nalo zaidi ya karne, lakini Japan ina mengine mengi. Nchini Uingereza jaribio kubwa la shule za msingi lilitoa matokeo mwaka 2017 bila kuona tofauti katika alama za wanafunzi, ingawa baadhi ya shule za kulinganishia nazo zilikuwa na mazoea yanayofanana. Binafsi nimeliona likigeuza idara nzima, na nimeliona likiwa tamthilia: somo moja lililopambwa kwa mwezi, masomo mengine yote ya mwaka yakabaki yalivyokuwa.

Kinachobaki. Hapa linashinda. Andalio la somo lililojadiliwa hubaki kwenye faili. Mazoea ya kukaa pamoja hubaki hata walimu wawili wakihama, kwa kuwa mgeni huingizwa kwenye kikundi kilichopo. Mshauri anaweza kuondoka baada ya mizunguko mitatu asiulizwe.

Inamfaa nani. Shule yenye mikondo mingi ya darasa moja, walimu wanaoheshimiana, na angalau mmoja anayependa hisabati kwa dhati.

## Makundi ya kiwango

Njia hii inaliacha somo la kawaida lilivyo na kwenda moja kwa moja kwa mtoto. Kila mtoto hupimwa ana kwa ana kwa dakika chache: anatambua tarakimu moja? Tarakimu mbili? Anaweza kutoa kwa kukopa? Anaweza kugawanya? Ngazi anayokwama ndiyo kundi lake, liwe la umri gani. Kwa saa moja au mbili za siku, watoto wa la tatu, la nne na la tano huchanganywa kwa kiwango, wakafundishwa wasichokijua, na kila baada ya wiki chache hupimwa upya na kuhama kundi.

Inatibu nini. Pengo lililolimbikizana. Muhtasari hutembea kwa mwendo wa mtoto aliye mbele; aliyeachwa la pili hana mahali pa kupandia tena. Wale kumi na mmoja wa 376 hawakuhitaji maelezo bora ya sehemu. Walihitaji vijiti vilivyofungwa kumi kumi, na mtu wa kuwafungulia fungu moja mbele ya macho yao.

Inadai nini. Ratiba ya shule nzima ibadilike kwa saa ileile, madarasa yote kwa pamoja, vinginevyo watoto hawachanganyiki. Watu wa kushika makundi hawalazimiki kuwa walimu wenye shahada. Vifaa ni vya bei ya chini. Kazi ngumu iko kwa wazazi na walimu wenyewe: mzazi akisikia mwanawe wa la tano amekaa na wa la tatu, atakuja shuleni asubuhi. Jina la kundi ni muhimu kuliko unavyodhani. Nimeona makundi yaliyopewa majina ya ndege, na ndani ya siku mbili watoto wote walijua ndege gani ni wajinga. Kinachopunguza aibu ni kuhama: kundi likiwa na mlango wa kutokea, na watoto wakawaona wenzao wakitoka, jina halichomi sana. Makundi yaliyoganda mwaka mzima ni jambo jingine kabisa, na nisingemshauri mtu.

Ushahidi. Wenye nguvu, na ulianzia mjini hasa. Shirika la Pratham lilizaliwa katika mitaa ya mabanda ya Mumbai miaka ya 1990. Kati ya 2001 na 2003 mpango wake wa kuwatumia wanawake vijana wa jamii ya hapohapo kufundisha watoto waliobaki nyuma ulijaribiwa katika shule za Mumbai na Vadodara, na watafiti wakiwemo Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliokuja kupata Nobeli ya uchumi mwaka 2019, waliona alama zikipanda kwa 0.14 ya kipimo kilekile cha mkengeuko sanifu mwaka wa kwanza na 0.28 mwaka wa pili. Waliofaidi zaidi walikuwa wa mkiani. Mwaka mmoja baada ya mpango, sehemu kubwa ya faida hiyo ilikuwa imeyeyuka.

Kinachobaki. Kwa mtoto, kile alichokipata, kama darasa la kawaida linakitumia. Kwa shule, kipimo chenyewe, ambacho walimu hukipenda kwa sababu kinawaambia jambo kwa dakika tano. Lakini somo la asubuhi halijaguswa, na mwaka ujao litazalisha kundi jipya la watoto wa kuokolewa.

Inamfaa nani. Shule ambayo madaftari yanaonyesha nusu ya darasa iko nyuma kwa miaka miwili au zaidi, hasa kuanzia la tatu hadi la tano. Inafaa pia pale walimu wanapohamahama mno kiasi kwamba kuwekeza kwa mmoja mmoja ni kumwaga maji mchangani.

## Wawili kwa mmoja

Hii nitaipita haraka kwa kuwa shule nyingi zitaishia kwenye bei yake.

Inatibu nini. Pengo lilelile la makundi ya kiwango, lakini kwa kijana wa sekondari ambaye lake ni la kipekee: anajua aljebra nusunusu, sehemu robo, na ameshajiambia kwamba hisabati si yake. Mkufunzi mmoja, wanafunzi wawili, kipindi kizima, kila siku, ndani ya ratiba. Ikiwa baada ya masomo, wanaohitaji zaidi ndio wa kwanza kutokuja.

Inadai nini. Dola elfu kadhaa kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, kwa bei za Marekani ilikojaribiwa zaidi. Mkufunzi mwenyewe anaweza kuwa kijana aliyemaliza chuo, mradi asimamiwe kwa karibu na mtu anayejua.

Ushahidi. Jaribio la Chicago, katika shule za sekondari za umma zenye vijana waliobaki nyuma sana, liliona alama za hisabati zikipanda kwa kiasi ambacho watafiti wa elimu hukiona kwa nadra katika umri huo. Wakufunzi wengi hawakuwa na cheti cha ualimu.

Kinachobaki. Kwa kijana, kingi. Kwa shule, karibu hakuna. Uingereza ilianzisha mpango wa taifa wa mafunzo ya aina hii mwaka 2020 baada ya janga la korona. Ruzuku ilipokwisha mwaka 2024, kila shule iliachwa itafute fedha zake.

Inamfaa nani. Shule yenye mfadhili wa uhakika wa miaka miwili au mitatu, na orodha fupi ya wanafunzi wanaokaribia mtihani wa kuamua maisha yao.

## Wewe uko wapi?

Kama madaftari yanaonyesha makosa ya watoto wachache wachache, ya aina tofauti, na walimu wako wapo kwa miaka, anza na kocha. Mpe walimu wanane, usimpe shule nzima. Mwambie kila mmoja wa hao wanane kwa mdomo wako mwenyewe kwamba hutasoma taarifa ya kocha.

Kama makosa ni yaleyale kwa nusu ya darasa, na ni ya miaka ya nyuma, kocha atamboresha mwalimu ambaye watoto wake hawawezi kumfuata. Anza na makundi ya kiwango, saa moja kila siku, kwa mihula miwili. Baada ya hapo ndipo uangalie somo la asubuhi, maana bila hilo utakuwa unateka maji kwenye ndoo iliyotoboka. Shule mbili ambazo nimeona zikitulia kweli zilifanya hivyo: makundi kwanza, kisha walimu walewale wakaanza somo la pamoja juu ya mada ambazo kipimo kilionyesha zinaanguka kila mwaka.

Kama fedha hazipo kabisa lakini walimu wanaelewana, somo la pamoja. Omba mshauri wa siku tatu zilizotawanyika kwenye muhula badala ya siku tatu mfululizo. Kama walimu hawaelewani, usilianze. Kumtazama mwenzako akifundisha kwa nia ya kumkamata ni sumu, na itachukua miaka kutoka.

Kama una kidato kinachokaribia mtihani na umepewa ruzuku ya mwaka mmoja, wawili kwa mmoja ndio unaofika kwa wakati. Usijifanye unajenga shule kwa njia hiyo. Unaokoa vijana thelathini, na vijana thelathini si haba.

Na kama ratiba yako huwezi kuilinda, ikiwa kila wiki kuna kikao, sherehe au mgeni anayekula vipindi, basi usiniite mimi wala mwingine kwa sasa. Njia zote nne hufia hapohapo. Chukua kitu kidogo zaidi: kila Ijumaa, dakika thelathini, walimu wa hisabati wa darasa moja, madaftari kumi mezani, na swali moja kwa kila kosa, "Huyu mtoto alikuwa anafikiri nini?" Mlango ufungwe na simu zizimwe. Ukiweza kuilinda nusu saa hiyo kwa wiki nane bila kuivunja, nipigie.